Sukari inashuka saa nane usiku nikinyonyesha: nipunguze insulini au nimwachishe mtoto?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Tanga, na nina kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa kidato cha pili. Nimejifungua kwa upasuaji wiki tano zilizopita na mtoto ananyonya maziwa yangu tu. Kabla ya mimba nilikuwa nachoma insulini ya Mixtard yuniti 24 asubuhi na 12 jioni. Mwisho wa mimba nilifika 44 na 26. Baada ya kujifungua wodini waliniandikia 22 na 12. Sasa karibu kila usiku nikiamka saa nane kunyonyesha natetemeka, nikipima sukari nakuta 2.8 au 3.1 (mmol/L). Nakunywa soda nzima na vitumbua vilivyobaki, asubuhi nakuta 14. Najitahidi ibaki chini ya 5.3 kama nilivyofundishwa kliniki, nashindwa. Saa kumi jioni inakuwa 16. Mama mkwe anasema dawa inaingia kwenye maziwa, na kwamba ndiyo sababu mtoto alilazwa siku ya kwanza kwa sukari kushuka. Wiki iliyopita niliacha sindano ya jioni siku mbili, nikaamka na 21, natapika. Nipunguze insulini, niache kunyonyesha, au nifanyeje? Na mtoto wangu ana kisukari?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera ya uzazi. Barua yako imenishtua mahali pamoja, nami nitaanzia hapo hapo: zile siku mbili ulizoacha sindano ya jioni.

Mwenye kisukari aina ya kwanza hana insulini yake mwenyewe ya kumshikilia. Sindano ikikosekana, mwili unashindwa kutumia sukari iliyojaa kwenye damu, unageukia kuchoma mafuta, na mafuta yakichomwa kwa wingi yanatoa ketoni, ambazo ni asidi. Ile 21 pamoja na kutapika zilikuwa dalili za kuelekea huko, na hali hiyo huua. Inaweza kumfikisha mtu pabaya ndani ya siku moja tu. Mama anayenyonyesha, asiyelala na asiyekunywa maji ya kutosha, yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Ikitokea tena umepima ukakuta juu ya 14, na huku una kichefuchefu, tumbo linauma au unahema kwa nguvu, nenda hospitali usiku huohuo. Usingoje pakuche. Ukifika mapokezi sema waziwazi: nina kisukari aina ya kwanza, nimejifungua karibuni, naomba nipimwe ketoni. Ukiweza, nunua duka la dawa vile vipimo vya ketoni vya mkojo ukae navyo nyumbani.

Kwa hiyo sindano huachi, na mtoto humwachishi. Kinachotakiwa ni kupunguza kidogo dozi moja, ile ya jioni, na kuhamisha baadhi ya vyakula kutoka saa moja kwenda nyingine. Nitakueleza kwa nini, maana ukiielewa sababu hutamhitaji mtu wa kukushikia mkono kila wiki.

Wakati wa mimba kondo la nyuma lilikuwa likimwaga homoni zinazopinga insulini. Ndiyo maana kutoka jumla ya yuniti 36 kwa siku ulifika 70. Kondo lilipotoka, homoni zile zilitoweka ndani ya saa chache, na mwili wako ukawa mwepesi kuitikia insulini kuliko hata kabla hujashika mimba. Kwa wanawake wengi mahitaji ya siku za mwanzo huwa chini ya yale ya kabla ya mimba, kisha hupanda taratibu katika wiki moja au mbili. Wodini walikurudisha karibu na dozi yako ya zamani, na kwa mama asiyenyonyesha huenda ingefaa. Wewe unanyonyesha, tena mtoto hanywi kingine chochote. Kila mililita 100 za maziwa ya mama zina takriban gramu 7 za sukari ya maziwa, na titi huitengeneza kutokana na sukari iliyomo kwenye damu yako. Mtoto anayenyonya vizuri huweza kutoa mililita 750 kwa siku. Hesabu mwenyewe: zaidi ya gramu 50 za sukari zinatoka mwilini mwako kila siku bila yuniti hata moja ya insulini kuhusika.

Sasa tazama saa. Mixtard ni insulini mbili katika chupa moja: asilimia 30 ni ile ya haraka, asilimia 70 ni ile ya polepole. Ukichoma yuniti 12 saa moja jioni, takriban 8 ni za polepole, na nguvu ya hizo huwa kubwa kuanzia kama masaa manne baada ya sindano na kuendelea mpaka usiku wa manane. Yaani insulini iko kileleni saa zilezile ambazo hujala kitu na mtoto ananyonya. Kushuka kwako saa nane kunatokana na mambo hayo mawili kukutana, wala hakuna fumbo jingine.

Kwa namba ulizoniandikia, punguza dozi ya jioni kuanzia leo: kutoka 12 iwe 10. Kupunguza sehemu ya kumi mpaka sehemu ya tano ndicho kipimo tunachotumia kwa kawaida mama anaposhuka usiku. Kaa nayo usiku mitatu huku ukipima saa nane. Ikiwa bado unakuta chini ya 4, nenda kliniki bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, wapunguze tena mbele yako. Ukiwa huko waulize jambo moja ambalo mimi nalipenda kwa mama wa hali yako: je, jioni unaweza kutumia insulini mbili zilizotengana, Actrapid, ile ya haraka, kabla ya chakula na Insulatard, ile ya polepole, saa nne usiku unapolala? Insulatard ikichomwa saa nne, kilele chake kinasogea kuelekea alfajiri, karibu na kifungua kinywa. Ni sindano moja zaidi kwa siku, lakini wengi waliobadilisha hivyo wamepata usingizi. Dozi ya asubuhi iache ilivyo kwa sasa. Ile 16 ya saa kumi nitaieleza mbele kidogo, na dawa yake haipo kwenye sindano.

Kisha iache ile 5.3. Hilo lilikuwa lengo la mimba, kwa sababu mtoto alikuwa akipokea sukari yako moja kwa moja. Sasa hapokei. Kwa mama anayenyonyesha na kuamka peke yake na mtoto usiku, mimi hufurahi nikiona kati ya 5 na 8 kabla ya kula, na sitaki kabisa alale akiwa chini ya 7. Akina mama wengi waliosimamiwa vizuri wakati wa mimba huendelea kufukuzia namba zile za kliniki miezi kadhaa baada ya kujifungua, na ndio hao wanaookotwa sakafuni usiku. Mwili ulio kwenye 8 leo haupati madhara yoyote. Ulio kwenye 2.8 na mtoto mkononi unaweza kuanguka naye.

Kuhusu soda nzima na vitumbua: nakuelewa, sukari ikishuka njaa yake haina adabu. Lakini ndiyo inayokupa 14 ya asubuhi, nawe unaiona ukidhani insulini haitoshi. Ukikuta chini ya 4, mlaze kwanza mtoto godoroni. Kunywa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Hizo ni gramu 15 hivi. Ngoja dakika 15, pima tena. Bado chini ya 4, rudia kiasi kilekile. Ikishapanda ndipo ule kitu cha kukaa tumboni, kama kipande cha mkate au ndizi moja, na umrudishe mtoto kwenye titi. Vitumbua vina mafuta, na mafuta huchelewesha sukari kufika kwenye damu, hivyo haviokoi dakika ile unayovihitaji halafu vinakupandisha saa mbili baadaye.

Andaa mahali pako pa kunyonyeshea kabla hujalala: glasi ya maji, kikopo cha sukari na kijiko, kitu kidogo cha kula, glukomita. Nyonyesha usiku ukiwa umekaa chini, kwenye godoro au mkeka, mgongo ukutani. Usinyonyeshee kwenye kiti kirefu wala ukingoni mwa kitanda. Na usijitibu kwa kuhisi. Wiki hizi za uzazi wanawake wengi hutoka jasho jingi usiku hata wasio na kisukari, na uchovu wenyewe hutetemesha. Stripu za kupimia ni ghali, najua. Kama huwezi kupima kila usiku, tumia stripu zako kabla ya kulala na saa nane katika zile siku tatu baada ya kubadilisha dozi, kisha punguza.

Mumeo ajifunze. Simaanishi ajifunze kuchoma, aanze na kutambua: ukiongea ovyo, ukimkasirikia bila sababu, ukimtazama bila kujibu, akupe maji ya sukari kabla hajauliza. Na akikukuta huamki, asikumiminie chochote mdomoni. Akulaze ubavu, amchukue mtoto, aite usafiri wa hospitali.

Sasa naomba umsomee mama mkwe wako sehemu hii. Shikamoo mama. Umemlea mkweo wiki tano, umempikia na kumfulia, na hofu yako juu ya mjukuu ni haki yako. Insulini ipo kwenye maziwa ya kila mama, hata asiyejua kisukari ni nini. Mtoto akiimeza, tumbo lake linaimeng'enya kama linavyomeng'enya protini nyingine. Ndiyo sababu mkweo anachomwa sindano badala ya kupewa kidonge: insulini ikipita mdomoni haifiki kwenye damu ikiwa nzima. Mjukuu alishuka sukari siku ya kwanza kwa sababu nyingine. Tumboni alikuwa akipokea sukari ya mama yake kupitia kondo, na kongosho lake likazoea kutengeneza insulini nyingi ili kuimudu. Kitovu kilipokatwa, sukari ilikatika ghafla na insulini yake mwenyewe ikabaki nyingi kwa saa kadhaa. Hutokea mara nyingi kwa watoto wa akina mama wenye kisukari, na ndiyo maana wauguzi huwachoma kisigino kupima na kuhimiza wanyonyeshwe mapema. Kwa kawaida huisha ndani ya siku chache. Sindano ya jioni ndiyo inayomwezesha mama huyu kuwa hai wa kumnyonyesha. Ukitaka kumsaidia, mama, mwamshe saa nane umkumbushe kupima.

Na wewe mdogo wangu, kule kushuka kwa mtoto usikubebe kama kosa lako, na hakumaanishi ana kisukari. Mtoto wa mama mwenye aina ya kwanza ana uwezekano mkubwa kidogo kuliko watoto wengine wa kuupata maishani: takriban mmoja kati ya 100 ikiwa mama alijifungua akiwa na miaka 25 au zaidi, kama wewe. Waliobaki 99 hawaupati. Huna haja ya kumpima sukari nyumbani. Ukiona baadaye anakojoa kupita kiasi, ana kiu isiyokwisha na anakonda, hapo mpeleke siku hiyohiyo.

Twende kwenye ile 16 ya saa kumi. Hukuandika unakula nini mchana, lakini nimewahudumia wazazi wa pwani muda mrefu na naweza kukisia: uji wa pilipili manga, mzito, mtamu, bakuli kubwa, ili maziwa yatoke. Labda na mtori siku nyingine, na chai ya maziwa yenye sukari. Sina ugomvi na uji. Tatizo ni kwamba unanyweka katikati ya mchana pasipo sindano ya haraka ya kuukabili. Bakuli moja lina wanga wa kutosha, na vijiko vinne vya sukari vinaongeza karibu gramu 20 juu yake, tena zinazoingia haraka. Fanya hivi: wa mchana upunguze uwe kikombe, na usitiwe sukari, pilipili manga, tangawizi na maziwa kidogo vinatosha kuupa ladha. Kikombe kingine cha uji uhamishie usiku, kabla hujalala au kabla ya kunyonyesha. Saa hizo ndizo unazouhitaji, kwa kuwa wanga wa uji wa unga usiokobolewa huingia taratibu kuliko sukari ya soda. Supu ya samaki, ya pweza au ya kuku inywe utakavyo, angalia chumvi tu kama presha ilipanda wakati wa mimba. Na maziwa huletwa na mtoto kunyonya mara kwa mara na titi kumalizika. Kwa akina mama wenye kisukari maziwa huweza kuchelewa kujaa kwa siku moja hivi mwanzoni, jambo ambalo limewafanya wengi wakimbilie maziwa ya kopo bila haja. Wewe umevuka hapo salama.

Kuna jambo jingine la nyumbani ambalo kliniki hawaliulizi: kukandwa. Tumbo lenye mshono wa upasuaji halikandwi kwa maji ya moto, hilo nadhani walikwambia. Lakini hata ukioga maji ya moto sana au kukandwa miguu, joto hufungua mishipa ya ngozi na insulini iliyochomwa mahali hapo huingia kwenye damu haraka kuliko ilivyokusudiwa. Ukichoma paja saa moja jioni na kukandwa mapaja saa moja na nusu, utashuka mapema bila kujua kwa nini. Kandwa kwanza, choma baadaye, tena mahali ambapo hapakuguswa na joto. Na kama umehamisha sindano kutoka tumboni kwenda pajani kwa ajili ya mshono, jua kwamba paja hufyonza polepole kuliko tumbo. Chagua eneo moja kwa sindano ya asubuhi na jingine kwa ya jioni, ubakie hapo hapo, ukisogeza kidogo kila siku ili ngozi isiwe ngumu.

Mengine nitayapitia upesi. Titi likiuma, likiwa jekundu na ukapata homa, sukari itapanda hata kama huli. Usikate insulini, endelea kunyonyesha titi hilo na uende kituoni ukapate antibayotiki mapema. Mshono ukitoa maji au harufu, ni vivyo hivyo. Kichwa kikikuuma sana au ukiona vimulimuli, pima presha siku hiyo, maana kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua. Macho yapimwe mwaka huu, kwa sababu mimba huweza kuharakisha madhara ya kisukari kwenye retina na hilo huendelea miezi kadhaa baada ya uzazi. Na omba kipimo cha tezi ya shingoni mtoto akifika miezi mitatu. Wenye kisukari aina ya kwanza hupata hitilafu za tezi hiyo baada ya kujifungua mara nyingi kuliko wanawake wengine, na dalili zake, yaani uchovu, moyo kwenda mbio, nywele kukatika na huzuni, hupuuzwa kwa kuambiwa ni ulezi. Huzuni yenyewe ikizidi wiki mbili, ukakosa hamu ya mtoto au ya kuishi, ni ugonjwa unaotibika. Usiufiche kwa kuogopa kuonekana huna shukrani.

Uzazi wa mpango uamue sasa. Kitanzi na kijiti vinawafaa wenye kisukari na wanaonyonyesha. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili siyo vya sasa, na kama macho au figo zimeguswa visitumiwe hata baadaye bila daktari kukubali. Nasisitiza kwa sababu mimba ijayo inatakiwa ikukute tayari: kipimo cha sukari cha miezi mitatu, HbA1c, kikiwa karibu na asilimia 6.5 au chini yake, na umeanza asidi ya foliki ya miligramu 5 miezi mitatu kabla.

Mfungo wa Ramadhani ukikukuta bado unanyonyesha, dini imekupa ruhusa na mimi nakuomba uitumie.

Mtoto akifika miezi sita na kuanza kula, atanyonya kidogo kidogo kuliko sasa, hasa akianza kulala usiku mzima. Sukari iliyokuwa ikitoka na maziwa itabaki kwako, na dozi tuliyoipunguza leo itaanza kuonekana ndogo: asubuhi utakuta 11, 12, bila kuwa umebadilisha chakula. Wiki hiyo rudi kupima saa nane na alfajiri, andika namba kwenye daftari, uende nazo kliniki wapandishe yuniti moja au mbili kwa wakati. Ukimwachisha ghafla, kwa safari au kwa kurudi kazini, usingoje tarehe ya kadi.